Teria wa ghalani anahitaji saa moja ya kutembea kila siku, si mnyororo

Leo tunaacha kidogo habari za viwavijeshi na bei ya mahindi. Nataka tuzungumze kuhusu mbwa, hasa wale mbwa wadogo wa kizungu wanaoitwa teria, ambao siku hizi nawaona wakiongezeka kwenye maghala na maduka yetu. Mtu ana ndugu yake mjini, ndugu ana mbwa aliyezaa, basi mtoto mmoja anapakiwa kwenye boksi, anapanda basi, anafika kijijini kuja kula panya. Wazo lenyewe si baya. Ubaya unaanza siku ya pili, anapofungwa.

Mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja wa nafaka alinipigia simu asubuhi. "Bwana mifugo, njoo na sindano. Mbwa wangu ameshikwa na kichaa, na majirani wamesema nisipomwondoa mimi, watamwondoa wao." Nilipanda pikipiki nikaenda. Nilimkuta mbwa wa aina ya Jack Russell, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, uzito wake si zaidi ya kilo saba. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ghala kwa mnyororo wa kama mita moja na nusu. Ardhi yote iliyozunguka nguzo ilikuwa imechimbika mviringo kama mtu aliyechora kwa kamba. Chini ya ukuta kulikuwa na mashimo mawili. Magunia matatu yalikuwa yamechanwa. Alikuwa akibweka bila kupumzika, na akichoka kubweka anazunguka kufuata mkia wake.

Sikutoa sindano. Niliuliza kwanza kadi ya chanjo, nikaonyeshwa, ilikuwa hai. Nikauliza kama anakula, anakula. Anakunywa maji, anakunywa. Hatoi mate ovyo, halegei taya wala miguu, anamtambua bwana wake na kumtikisia mkia. Hakuna aliyemng'ata wala mbwa mgeni aliyeonekana pale. Ndipo nikauliza swali ambalo lilimfanya mwenye ghala acheke: "Anatembea saa ngapi?"

"Atembee aende wapi, Bwana mifugo? Mbwa huyo si mzungu."

Alikuwa pale kwenye mnyororo kwa miezi mitano. Mchana kwenye nguzo, usiku anafunguliwa ndani ya ghala, mlango unafungwa. Siku moja tu alichomoka, na siku hiyo aliua kuku wanne wa jirani kabla hajakamatwa. Hapo ndipo neno kichaa lilipoanzia.

Ndugu msomaji, mbwa yule hakuwa na kichaa. Alikuwa hana kazi. Na hili ndilo nataka kulisema waziwazi hata kama baadhi yenu mtanicheka kama alivyonicheka yule bwana: teria mzima wa aina ya Jack Russell anahitaji saa moja ya kutembea na kukimbia kila siku ya Mungu, mvua au jua, sikukuu au msiba. Usipoweza kumpa saa hiyo, usimchukue. Chukua paka.

Kabla sijaendelea, nikiri kosa langu. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nasimama kwenye mikutano ya kijiji na kusema, "Fungeni mbwa wenu mchana, wafungueni usiku," kisha nakaa chini. Ulikuwa ushauri wa nusu. Kumfunga mbwa mchana kuna sababu nzuri: kichaa cha mbwa kipo, watoto wanapita kwenda shule, mifugo ya watu inapita. Mbwa anayezurura hatufai. Lakini mimi sikumalizia sentensi. Sikusema kwamba mbwa aliyefungwa mchana kutwa ni lazima atolewe, atembezwe, arudishwe. Wengi walichukua ile nusu yangu wakaifanya sheria ya nyumba, na leo ninavyozunguka vijijini naona mbwa ambao hawajawahi kuvuka uzio tangu wafungue macho. Sehemu ya lawama hiyo naibeba.

Sasa turudi kwa teria, kwa sababu hajafanana na mbwa mwingine, na ukijua alikotoka utaelewa kwa nini mnyororo unamtia wazimu. Jina lenyewe limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ardhi. Ni mbwa wa Uingereza aliyetengenezwa kuingia shimoni kumfuata mbweha, panya na wanyama wengine wa mashimo. Huyu tunayemwita Jack Russell amepata jina kutoka kwa mchungaji wa kanisa, John Russell, wa Devon, aliyependa uwindaji kuliko kawaida. Inasimuliwa kwamba mwaka 1819, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alimnunua jike mmoja mweupe aliyeitwa Trump kutoka kwa muuza maziwa, na kutokana na jike huyo akaanza kizazi chake cha mbwa. Kazi yao ilikuwa kukimbia na mbwa wakubwa na farasi umbali mrefu, na mbweha akijificha shimoni, huyu mdogo anaingia kumtoa. Yaani watu walichagua, kizazi baada ya kizazi, mbwa asiyechoka, asiyeogopa giza la shimo, na anayebweka chini ya ardhi ili bwana wake ajue pa kuchimba.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho kisha umfikirie yule wa ghalani. Anachimba, anabweka, hachoki. Hajaharibika. Anafanya hasa kile alichozaliwa kufanya, ila anakifanya kwenye ukuta wako.

Kuhusu panya, sifa yake si ya uongo. Huko London karne ya 19 watu walikuwa wakishindanisha mbwa kuua panya kwenye ulingo, mchezo wa kikatili na wa kamari, na mwaka 1823 mbwa mmoja aitwaye Billy aliua panya 100 kwa chini ya dakika sita. Mchezo huo siusifii. Nautaja ili ujue kwamba una mashine ndani ya ghala lako, na mashine inayounguruma bila kwenda popote huungua.

Hapa wafanyabiashara wengi hunijibu: "Lakini si anakimbiza panya usiku? Hayo si mazoezi?" Ni swali zuri na jibu lake ni kwamba ni mazoezi, ila hayatoshi. Ghala lililojaa magunia halina pa kukimbilia. Mbwa anakaa mbele ya tundu saa mbili akingoja, anaruka hatua tatu, kazi imekwisha. Kichwa chake kimefanya kazi, pua imefanya kazi, lakini miguu, moyo na mapafu havikufanya chochote. Halafu kuna jambo jingine ambalo halifikiriwi: akiwa hodari, panya wanaisha au wanahama. Panya shamba wetu huzaa kwa wingi sana, jike mmoja anaweza kutoa watoto kumi kwa mzao mmoja, kwa hiyo baada ya mavuno kazi ipo tele. Lakini miezi mingine, kwenye ghala lililozibwa vizuri, mbwa anaweza kumaliza wiki bila kuona hata mkia. Umemwajiri, amefanya kazi vizuri, na kwa ajili hiyo umemwachisha kazi. Nguvu zake zinabaki palepale.

Na kwa kuwa tumefika kwenye panya, nakusihi jambo moja ambalo si la mazoezi lakini linaua mbwa wengi kuliko mnyororo. Huwezi kuwa na teria na sumu ya panya kwenye ghala moja. Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda. Panya aliyeila huchukua siku kadhaa kufa, anakuwa mzito, ndiye anayekamatwa kwanza. Mbwa akimla panya wa namna hiyo, au akiila sumu yenyewe, baada ya siku mbili tatu utamwona fizi zimepauka, amelegea, anatoa damu puani au kwenye kinyesi. Dawa ipo, ni vitamini K ya sindano na ya vidonge, lakini inasaidia ikiwahi. Chagua kimoja: sumu au mbwa. Pia panya hubeba vijidudu vya homa ya mgunda, ile iliyotangazwa Lindi mwaka 2022, na mbwa huweza kuipata na kuipitisha kwenye mkojo. Mwulize daktari wa mifugo wa wilaya kuhusu chanjo yake, na usiruhusu mbwa wa ghala akojoe kwenye turubai la kuanikia.

Sasa saa moja unaitoa wapi? Najua siku ya mkulima na najua siku ya mwenye duka. Hakuna mwenye saa ya ziada iliyowekwa pembeni. Ndiyo maana sikwambii uongeze safari. Nakwambia umwingize mbwa kwenye safari ambazo tayari unazifanya.

Unakwenda shamba alfajiri? Nenda naye. Mnakwenda kukata majani ya ng'ombe? Aende. Kijana anapeleka ng'ombe mtoni jioni? Mbwa awe naye kwenye kamba. Wewe wa dukani unatembea kutoka nyumbani hadi duka, kama ni dakika kumi na tano, zunguka njia ya nyuma ziwe dakika thelathini, na jioni vivyo hivyo. Saa imepatikana, tena na wewe mwenyewe tumbo limepungua kidogo, maana nawajua wenye maduka. Kugawa mara mbili ni bora kuliko mara moja, kwa sababu mbwa aliyetoka asubuhi hulala mchana, na aliyetoka jioni anaingia kwenye lindo la usiku akiwa ametulia, masikio wazi. Watu hudhani mbwa mwenye hasira ya kufungwa ndiye mlinzi mzuri. Si kweli. Mbwa anayebwekea kila kitu, kuanzia mbuzi hadi upepo, amekufundisha usiamke. Siku mwizi anakuja, unavuta shuka.

Kutembea ninakokusema si kumburuta. Mwache anuse. Kwa mbwa, kunusa njia ni kama wewe kusoma gazeti na kusalimia watu kwa wakati mmoja. Dakika kumi za kunusa kwa bidii zinamchosha sawa na kukimbia. Siku ambayo mvua imewafungia ndani, chukua vichwa vya dagaa, vifiche kwenye magunia matupu na nyuma ya debe, mwambie atafute. Ni mchezo, hauna gharama, na kwa teria ni kazi hasa.

Tumia kamba, tafadhali. Kamba ya katani au ya nailoni ya mita nne au tano inatosha, imefungwa kwenye mkanda mpana wa shingoni usiokaba. Vidole viwili vipite chini yake. Usimwachie huru karibu na kuku mpaka umemfundisha neno "acha" na analitii hata akiwa na tamaa. Teria na kuku ni kesi. Nimeona majirani waliosalimiana miaka ishirini wakifikishana baraza la kata kwa sababu ya jogoo. Fundisha "njoo," fundisha "kaa," fundisha "acha," kwa kipande kidogo cha chakula na kwa dakika tano tano, si kwa fimbo. Mbwa wa namna hii ukimpiga anakuwa mkaidi zaidi. Na wewe unayemfunga nyuma ya baiskeli, ukipiga kasi mteremkoni huku anavutwa shingo, hayo siyo mazoezi.

Angalia jua. Nyanda za juu kuna baridi, huko hata saa nne asubuhi si mbaya. Lakini pwani, bondeni na kanda ya kati, mtoe saa kumi na mbili asubuhi na mrudi kabla jua halijapanda, kisha jioni jua likilala. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapoza mwili kwa kuhema na ulimi nje, na njia hiyo hushindwa upesi. Weka nyuma ya kiganja chako kwenye lami au mchanga. Kama huwezi kuvumilia hesabu ya moja hadi saba, nyayo zake pia haziwezi. Akianza kuhema kwa kelele, ulimi mwekundu sana, anapepesuka, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, mpe maji kidogo kidogo, kisha mtafute daktari. Mkirudi kutoka porini mkague kupe: masikioni, katikati ya vidole, chini ya mkia. Mbwa hawa wageni hawana uvumilivu wa magonjwa ya kupe kama mbwa wetu wa kienyeji, na kwenye maeneo ya mbung'o wanaugua vibaya zaidi. Hiyo isiwe sababu ya kumfunga. Iwe sababu ya kumpaka au kumwogesha dawa kwa ratiba.

Na watu tuishi nao vizuri. Vijiji vyetu vina waumini ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, na mtu aliyekwisha kutawadha akielekea msikitini hapendi kulambwa kanzu na Jack Russell mwenye furaha. Anayo haki. Fupisha kamba mnapopishana, badilisha njia saa za swala, na kinyesi kifukie. Mfanyabiashara ni wa watu wote. Mbwa wako asikupunguzie wateja.

Wengine wataniuliza kama kipimo cha saa moja ni cha kila teria. Hapana. Yule mdogo wa nywele ndefu, Yorkshire, ambaye nimemwona kwa wafanyakazi waliohamishwa kutoka mjini, nusu saa inamtosha. Airedale, ambaye ni mkubwa kuliko teria wote, anataka saa mbili, na sijui nani kijijini anayeweza hilo isipokuwa mchungaji wa ng'ombe. Mtoto wa mbwa asichoshwe, mifupa bado inakua. Kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi wa mbwa ni dakika tano kwa kila mwezi wa umri, mara mbili kwa siku: wa miezi minne apate dakika ishirini na ishirini. Hicho ni kipimo cha busara tu. Akikaa chini njiani, mbebe. Mzee wa miaka kumi na kuendelea apewe safari fupi, mara nyingi zaidi, bila kurukaruka. Jike mwenye mimba aendelee kutembea, taratibu.

Namna ya kujua kama umepata kiasi chake ni kumtazama mbwa mwenyewe kuliko saa. Aliyepata hulala mchana akiwa amejinyoosha, anakula vizuri, mbavu zake huzioni lakini ukipapasa unazisikia, kucha zake zimesagika. Aliyepungukiwa anachimba, anatafuna mlango, anazunguka mkia, analamba mguu mmoja mpaka unatoka kidonda. Aliyezidishiwa anachechemea kesho yake, nyayo zimechubuka, hataki kunyanyuka. Usisubiri mtaalamu kwa hayo. Unayaona wewe.

Kuna hoja moja naisikia kila mara na naomba tuimalize: kwamba kumtembeza mbwa ni mambo ya wazungu. Mimi nasema mmegeuza kibao. Babu zetu hawakufunga mbwa mnyororo. Mbwa alikwenda mawindoni, alikwenda machungani, alilinda shamba dhidi ya ngedere na nguruwe pori, akirudi jioni amechoka analala mlangoni. Nenda leo kwa wafugaji wa Kimaasai uone mbwa wa boma anatembea kilomita ngapi kwa siku nyuma ya kundi. Mnyororo wa nguzo ndio uliokuja baadaye, pamoja na viwanja vidogo na majirani wa karibu. Kwa hiyo unapotoka na mbwa wako alfajiri hujamwiga mtu. Hata sheria ya nchi ipo upande huo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama asimtese, na mbwa aliyefungwa miezi mitano mahali pamoja, akinya na kula hapohapo, mimi nikiulizwa sitasema ametunzwa.

Tena kuna hatari ambayo watu hawaioni mpaka imetokea. Mbwa asiyetoka hajui watu. Hajawahi kuona mtoto akikimbia, mzee mwenye fimbo, mwanamke mwenye ndoo kichwani, baiskeli, pikipiki. Siku mnyororo unakatika, vyote hivyo kwake ni maadui au windo. Mtoto akiumwa na mbwa, wa aina yoyote, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo akaanze chanjo. Usiweke majivu, pilipili, wala jiwe. Mbwa naye usimuue kwa hasira. Mfungie mahali salama siku 10, mtaarifu afisa mifugo. Akibaki mzima siku hizo, hakuwa na virusi mateni alipong'ata. Lakini mgonjwa asingoje hizo siku kumi. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba. Ndiyo maana mbwa hachanjwi kwa hiari: miezi mitatu ya kwanza ikifika anachanjwa, kisha kila mwaka.

Na narudia lile la paka, maana halikuwa mzaha. Kama ghala lako unalifungua mara mbili kwa wiki, kama unasafiri kununua mazao na nyumbani hakuna wa kushika kamba, kama umeshazeeka na magoti yanauma, teria si wako. Paka wawili, ghala lililoinuliwa juu ya chaga, matundu yaliyozibwa kwa wavu wa chuma na saruji, nyasi zilizofyekwa kuzunguka, vitakufanyia kazi kubwa kuliko mbwa mwenye huzuni. Hata ile mifuko isiyopitisha hewa unayonunua kwa bei, panya akiitoboa tundu moja umepoteza faida yake, kwa hiyo kuziba ghala ni kwanza, mnyama ni pili. Hakuna aibu kumrudisha mbwa kwa ndugu yako mjini au kumpa mchungaji ambaye atatembea naye kutwa. Aibu ni kumwacha nguzoni kwa sababu alikuja bure.

Yule bwana wa nafaka hakumrudisha. Tulikubaliana mambo matatu siku ile. Aliwalipa wenye kuku, jambo ambalo lilipoza majirani kuliko maelezo yangu yote. Alinunua kamba. Na kijana wa kaka yake anayepeleka ng'ombe mtoni alikubali kumchukua asubuhi, yeye mwenyewe akamchukua jioni anapokwenda kuangalia bustani ya nyanya. Wiki ya kwanza alinipigia kulalamika kwamba watu wanamcheka njiani. Nikamwambia awasalimie. Wiki ya pili hakupiga.

Juzi nilipita pale kuchukua orodha ya mbwa wa chanjo. Mashimo ya ukutani yamezibwa kwa tofali, ila kuna jipya dogo pembeni ya choo, hilo hatujalimaliza. Mbwa alikuwa amelala juu ya gunia tupu, miguu juu, kwenye kivuli cha mlango. Wateja walikuwa wanamruka. Nilimwita kwa jina, akafungua jicho moja, akalifunga.